Allan Cormack

Allan MacLeod Cormack (Johannesburg, Afrika Kusini, 23 Februari 1924 – Winchester, Massachusetts, Marekani, 7 Mei 1998) alikuwa mwanafizikia kutoka nchi ya Afrika Kusini ambaye baadaye alipata uraia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kutatua tatizo la kihisabati lililo msingi wa skani ya CT, yaani namna ya kupata picha ya ndani ya mwili kwa kukokotoa vipimo vilivyochukuliwa nje yake. Mwaka 1979 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield.

Mara nyingi Cormack hutajwa kama mmojawapo wa waanzilishi wa upigaji picha za kitabibu. Hata hivyo hakuanza kwa kutafuta picha. Alianza kwa kuangalia jinsi wagonjwa wa saratani walivyopangiwa tiba ya mionzi katika hospitali moja ya Cape Town, akaona kwamba mpango huo ulitegemea makisio kuhusu kilichomo ndani ya mwili.

Utoto na masomo

Cormack alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto watatu. Wazazi wake walitoka kaskazini mwa Uskoti na kuhamia Afrika Kusini muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mama yake alikuwa mwalimu. Baba yake alikuwa mhandisi wa posta, na kwa sababu ya kazi hiyo familia ilihamahama kutoka mji hadi mji. Baba alifariki mwaka 1936 na familia ikakaa Cape Town, ambako Allan alisoma katika shule ya wavulana ya Rondebosch. Huko alipenda mijadala, tenisi na michezo ya kuigiza.

Katika ujana wake alivutiwa na elimu ya nyota, akasoma vitabu vya Arthur Eddington na James Jeans. Lakini siku zile haikuwa rahisi kupata riziki kwa kutazama nyota, hivyo alipoingia Chuo Kikuu cha Cape Town alijiandikisha kusomea uhandisi wa umeme, kazi ya baba yake. Baada ya miaka michache aliuacha akageukia fizikia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1944 na shahada ya uzamili mwaka 1945, akiwa ameandika juu ya elimu ya fuwele. Katika miaka hiyohiyo alizoea kupanda Mlima wa Meza ulio juu ya mji.

Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kufanya utafiti katika maabara ya Cavendish chini ya Otto Frisch. Alihudhuria mihadhara ya Paul Dirac, na katika mihadhara hiyo alikutana na Barbara Seavey, mwanafunzi wa fizikia kutoka Marekani. Alitaka kumwoa lakini hakuwa na fedha. Alimwandikia profesa wake wa zamani wa Cape Town, R. W. James, kuuliza kama kuna nafasi ya kazi, akapewa nafasi ya mhadhiri. Mwaka 1950 alirudi nyumbani na mke wake, bila kumaliza shahada ya uzamivu. Hakuipata kwa masomo hata baadaye, jambo la nadra kwa mshindi wa Nobel wa zama zake. Walijaliwa watoto watatu.

Siku moja na nusu kwa wiki

Mwaka 1955 mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur aliacha kazi. Sheria ya Afrika Kusini ilitaka matumizi ya isotopu nururifu hospitalini yasimamiwe na mwanafizikia mwenye sifa. Katika Cape Town yote hakukuwa na mwanafizikia wa nyuklia mwingine ila Cormack, kwa hiyo chuo kilimwazima kwa hospitali. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956 alifanya kazi huko siku moja na nusu kila wiki, katika idara ya radiolojia. Wakati huo wa utawala wa ubaguzi wa rangi wodi za Groote Schuur zilikuwa zimegawanywa kati ya Wazungu na wengine.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa ya kawaida: kusimamia isotopu na kuhakikisha vipimo ni sahihi. Lakini dawati lake lilikuwa karibu na mahali ambapo tiba ya mionzi ilipangwa, akawa anatazama.

Utaratibu ulikuwa hivi. Miali inayoelekezwa kwenye uvimbe hupita kwanza katika ngozi, misuli, mafuta na mifupa, na kila tabaka hupunguza nguvu yake. Ili uvimbe upate dozi ya kutosha bila kuunguza viungo vya jirani, miali hutumwa kutoka pande kadhaa ili zikutane kwenye uvimbe. Hospitali ilikuwa na chati za mistari iliyounganisha sehemu zenye dozi sawa, kama mistari ya kimo katika ramani ya milima. Msaidizi alilaza chati moja juu ya nyingine, moja kwa kila upande ambako miali ingetoka, akajumlisha na kuchora ramani ya dozi nzima. Daktari aliitazama na kusahihisha, kisha msaidizi akaanza upya. Waliendelea hivyo mpaka daktari aridhike.

Chati zile zilikuwa zimetengenezwa kwa kitu chenye uzito uleule kila mahali. Mwili hauko hivyo. Mfupa huzuia miali kuliko misuli, na pafu lililojaa hewa huzuia kidogo sana. Madaktari walilijua hilo vizuri, ila hawakuwa na njia ya kulirekebisha. Mgonjwa mwenye uvimbe nyuma ya mfupa mnene angeweza kupata dozi ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye karatasi, na mwenye uvimbe kifuani angeweza kupata kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Katika tiba ya saratani, dozi ndogo huacha seli za ugonjwa hai na dozi kubwa huharibu sehemu nzima.

Cormack aliona kwamba ili mpango uwe wa kweli ni lazima ijulikane kila sehemu ya ndani ya mwili inazuia miali kwa kiasi gani, na kwamba jambo hilo lazima lipimwe kutoka nje, bila kumpasua mgonjwa. Muda si mrefu akatambua kuwa jedwali la vizuizi vya kila sehemu lingekuwa pia picha ya mkato wa mwili, na daktari angeweza kuitumia kutambua ugonjwa.

Tatizo la kihisabati

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha kivuli. Mwali unapotoka upande wa pili wa mwili, kipimo hueleza jumla ya vizuizi vyote vilivyokuwa njiani, si mahali kila kizuizi kilipo. Mfupa ulio mbele na uvimbe ulio nyuma yake huwa doa moja.

Mfano mdogo unaweza kusaidia. Tuchukue mraba uliogawanywa katika vyumba vinne, kila kimoja na namba iliyofichwa. Tunaambiwa safu ya juu ina jumla ya 5 na safu ya chini pia 5. Kwa wima, upande wa kushoto una 3 na wa kulia 7. Namba hizo hazitoshi. Juu panaweza kuwa na 1 na 4, na chini 2 na 3. Lakini juu 2 na 3, chini 1 na 4, ni jibu sahihi vilevile. Tukipewa kipimo kimoja zaidi, cha kukata mraba kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, na jumla yake ikawa 4, linabaki jibu la kwanza tu. Vipimo kutoka pande nyingi vya kutosha hufichua kila chumba. Mkato wa mwili una maelfu ya vyumba vya namna hiyo, na Cormack alitafuta kanuni itakayotoa jibu kwa umbo lolote.

Kwa kuwa sheria ya kufifia kwa miali ilijulikana tangu zaidi ya miaka 60, alidhani mtu lazima ameshalitatua. Alitafuta katika maandishi ya fizikia na tiba, hakupata kitu, akaamua kulitatua mwenyewe. Ukweli ni kwamba mwanahisabati wa Austria, Johann Radon, alikuwa amelitatua mwaka 1917 kama swali la hisabati tupu. Cormack alikuja kujua habari za Radon miaka mingi baada ya kuanza kazi yake.

Jaribio la kwanza alilifanya Cape Town mwaka 1957, baada ya kukaa kwa muda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akitafiti kwa saiklotroni. Alitumia kisahani cha alumini kilichozungukwa na pete ya ubao, na mwali mwembamba wa kobalti-60. Majibu yalikubaliana na hesabu, isipokuwa katikati kabisa ya kisahani, ambako namba zilipungua kidogo. Alipouliza karakana iliyokitengeneza aliambiwa kwamba fundi alikuwa ameweka kipini cha alumini ya aina nyingine katikati. Cormack hakujua habari za kipini hicho, lakini hesabu zake zilikiona.

Tufts na makala zisizosomwa

Mwaka huohuo wa 1957 alihamia Marekani kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston. Kazi yake rasmi ilikuwa fizikia ya nyuklia na ya chembe. Tatizo la Groote Schuur alilishughulikia kwa nafasi tu. Mwaka 1966 alipata uraia wa Marekani, na kuanzia 1968 hadi 1976 aliongoza idara ya fizikia ya chuo.

Mwaka 1963 alifanya jaribio la pili, safari hii kwa kitu kisicho na ulinganifu. Alitengeneza pete ya alumini kuwa mfano wa fuvu, akaijaza plastiki badala ya nyama laini, na ndani yake akaweka visahani viwili vya alumini vikiwa mfano wa uvimbe. Ukokotoaji ulifanywa kwa kompyuta, akisaidiwa na mwanafunzi mmoja wa chuo. Vivimbe vyote viwili vilionekana mahali pake.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Marekani la fizikia tumizi, sehemu ya kwanza mwaka 1963 na ya pili mwaka 1964. Karibu hakuna aliyejibu. Ombi la nakala alilolikumbuka zaidi lilitoka katika kituo cha Uswisi cha utafiti wa maporomoko ya theluji, ambako walitaka kujua kama njia hiyo ingeweza kupima theluji iliyorundikana mlimani.

Ukimya huo una sababu zaidi ya moja. Jarida lilisomwa na wanafizikia, na wanafizikia hawakuwa na wagonjwa. Madaktari kwa upande wao hawakusoma jarida lenye milinganyo. Kompyuta zilikuwa chache, ghali na za polepole, na hospitali hazikuwa nazo. Cormack mwenyewe hakulisukuma jambo hilo. Alirudi kwenye chembe zake na kufundisha. Ikumbukwe pia kwamba tabibu wa neva William Oldendorf wa Los Angeles alifanya jaribio linalofanana mwaka 1961 naye akakosa kampuni ya kuliendeleza. Wako wanaoona kwamba alistahili kushirikishwa katika tuzo ya 1979.

Hounsfield na Tuzo ya Nobel

Mashine yenyewe ilitoka Uingereza. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alifikia wazo lilelile kwa njia yake bila kumjua Cormack wala makala zake. Kifaa chake cha majaribio kilihitaji siku tisa kupima kitu kimoja. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine yake: mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe. Uvimbe ulionekana. Hapo dunia nzima ya tiba ikaamka, na katika miaka michache mashine hizo zilienea katika hospitali kubwa za Ulaya na Amerika.

Tuzo ya mwaka 1979 iliwashangaza wengi kwa sababu hakuna kati ya hao wawili aliyekuwa daktari, wala aliyekuwa na shahada ya uzamivu. Hounsfield hakuwa hata na shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Mchango wao haukuwa wa namna moja: Hounsfield alijenga mashine inayofanya kazi hospitalini, na Cormack alithibitisha mapema kwamba jambo hilo linawezekana na kueleza hesabu yake.

Baada ya skani ya CT kupata umaarufu Cormack alirudi kwenye hisabati yake kwa bidii zaidi. Mwaka 1976, pamoja na Andreas Koehler wa Harvard, alichapisha majaribio ya kupata picha kwa protoni badala ya eksirei. Mwaka 1990 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Kifo

Alifariki kwa saratani nyumbani kwake Winchester, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 74. Mwaka 2002 serikali ya Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Mapungubwe ya daraja la dhahabu, miaka minne baada ya kifo chake.

Upangaji wa tiba baada yake

Leo skani ya CT hujulikana zaidi kama chombo cha uchunguzi, lakini kusudi la kwanza la Cormack limetimizwa pia. Katika vituo vingi vya tiba ya mionzi mgonjwa hupigwa skani kwanza, kisha programu ya kompyuta hutumia namba za skani hiyo kukokotoa dozi katika kila sehemu. Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika hospitali iliyojengwa wakati wa Wajerumani, ilitibu kwa mashine za kobalti-60 kwa miaka mingi, yaani kwa isotopu ileile ya jaribio la 1957. Mnamo 2018 ikaongeza mashine za kisasa pamoja na skani ya CT ya kupangia tiba. Mgonjwa anayetoka Mabibo au Temeke kwenda kuchomwa mionzi pale hulazwa kwanza kwenye skani, na mpango wake huanzia kwenye picha ya mwili wake mwenyewe.

Swali hilohilo limerudi katika tiba ambayo haitumii mionzi kabisa. Tangu miaka ya 2000, kutokana na kazi ya Yoram Palti wa Israeli, saratani ya ubongo iitwayo glioblastoma imeanza kutibiwa kwa uga wa umeme. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2011. Mgonjwa hunyolewa kichwa na kubandikwa mabamba manne yenye visahani vya elektrodi, tisa kwa kila bamba. Umeme dhaifu wenye masafa ya kilohezi 200 hupishana kati ya jozi mbili za mabamba na kuvuruga seli zinazojigawa. Hushauriwa kuvaliwa angalau saa 18 kwa siku.

Katika jaribio la wagonjwa 695, nusu ya waliotumia kifaa pamoja na dawa waliishi zaidi ya miezi 20.9, ikilinganishwa na miezi 16.0 kwa waliopewa dawa peke yake. Baadhi ya wataalamu wamehoji matokeo hayo kwa sababu kundi la pili halikuvalishwa kifaa cha bandia, na bei ya tiba ni kubwa mno.

Hapa ugumu ni kujua elektrodi ziwekwe wapi. Umeme, kama miali, haupiti sawasawa katika kila kitu. Fuvu huupitisha kwa shida, ilhali ugiligili unaouzunguka ubongo huupitisha kwa urahisi na kuuvutia pembeni. Kwa sababu hiyo sehemu yenye uga mkali si lazima iwe ile iliyo chini ya kisahani, na kubandika mabamba karibu na uvimbe kwa kukisia kunaweza kuuacha na uga hafifu. Watafiti huchukua picha ya kichwa cha mgonjwa, kwa kawaida ya MRI, na kuigawa katika ngozi, fuvu, ugiligili, sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo pamoja na uvimbe. Kila sehemu hupewa namba ya upitishaji umeme wake. Kompyuta hugawa kichwa hicho katika vipande vidogo mno, hukokotoa uga katika kila kipande, kisha hujaribu mahali pengine pa kuweka mabamba na kulinganisha.

Cormack hakushughulika na tiba ya uga wa umeme. Lakini msaidizi wa Groote Schuur aliyerudia kuchora chati zake mpaka daktari aridhike alikuwa akifanya kazi hiyohiyo kwa mkono, bila namba za ndani ya mwili ambazo kompyuta ya sasa huanza nazo.